Jina la Chaki kwenye Boti ya Shemeji

Shemeji yangu tulimbandika jina la Nahodha wa Nchi Kavu, na alilistahili. Boti yake ya faiba, kuukuu, yenye chumba cha kulala watu wanne na choo ambacho hata paka hawezi kujigeuza ndani yake, ilikuwa imekaa juu ya magogo katika yadi yetu ya kutengenezea boti kwa miaka tisa. Aliinunua pamoja na mkewe, mdogo wangu, walipostaafu. Mdogo wangu aliuona ukarabati wake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha akafariki. Shemeji akaendelea peke yake.

Boti ya zamani ya faiba haina kazi moja. Unafungua dirisha linalovuja, unakuta ubao chini yake umeoza. Unatoa ubao, unakuta nyaya zimeliwa na kutu. Unafuata nyaya mpaka kwenye tangi la mafuta, nalo unalikuta linatoa jasho. Vumbi la faiba linakuingia kwenye kola na kukuwasha wiki nzima, na hakuna sabuni inayolitoa. Shemeji alipiga msasa mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini, akawa anajisifu kwamba sasa anaweza kuiba benki na polisi wasipate alama. Mwaka huu utani ulimpungua. Alikonda, na muda aliokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ukawa mrefu kuliko muda aliosimama.

Mimi ni mgongaji wa yadi. Ukuta wa nyuma wa boti, ule unaobeba injini, una mbao ndani ya faiba. Maji yakipenya kwenye tundu moja la skrubu, mbao zinaoza taratibu huku nje kunang'aa kama sahani. Jicho haliwezi kukuambia kitu. Unagonga kwa kinyundo, kidogo kidogo, unasikiliza. Penye uzima panaita, na penye kuoza panajibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Pabaya nachora duara kwa chaki. Ukuta ukiwa mzima wote, naandika jina langu la yadi, Mama Nyundo, kwenye kona ya chini, na hapo ndipo bosi anaruhusu boti iteremshwe majini. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna anayeuliza mara mbili.

Boti ya shemeji ilikuwa iteremshwe Jumamosi. Binti yake, ambaye ni mwanangu pia kwa kuwa mimi ni mama yake mkubwa, alikuwa anakuja na watoto wake watatu, na jaketi za kuelea walishajaribu kuzivaa sebuleni. Alhamisi asubuhi nikagonga ukuta ule kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia. Shemeji alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Sikuchora duara hata moja. Niliandika jina langu.

"Hata duara moja?" aliuliza.

"Hata moja."

Alinishukuru, akaenda kuosha brashi.

Nilikwenda kukaa kivulini na chakula changu, nisikiguse. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu. Miaka thelathini ya kukaa karibu na mashine za kusaga faiba ilikuwa imenimaliza masikio. Sauti zote za kinyundo zilikuwa zimekuwa moja, nzima na mbovu, na mimi nilikuwa nakisia kwa mtetemo wa mkono na kwa kujua boti za aina ile huozea wapi. Maneno ya mtu aliye karibu bado niliyapata, mengine kwa kusoma midomo. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mgongaji asiyesikia ana kazi gani yadini? Lakini niliwafikiria wale watoto na jaketi zao, nikafunika chakula, nikainuka.

"Shemeji, nina neno."

"Kama ni chai, imeisha."

"Sisikii."

Aliendelea kufuta brashi.

"Sisikii kinyundo. Mwaka wa pili huu. Asubuhi nimegonga boti yako kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu."

Nilitegemea ashtuke, hata anitukane. Hakushtuka. Alisema tu, bila kuniangalia, "Umechoka, shemeji. Nenda kapumzike."

"Chukua kinyundo ugonge wewe. Mimi nitakuangalia uso."

Alikichukua kwa shingo upande. Akagonga juu, akagonga katikati, akateremka upande wa kulia, uso wake mtulivu. Upande wa kushoto aliteremka mpaka karibu na bomba la kutolea maji, kisha mkono ukarudi juu wenyewe. Masikio yangu yamekwenda, lakini macho yapo.

"Na hapo chini?"

"Hapo nimeshapita."

"Hujapita."

Akakiweka kinyundo juu ya gogo.

"Ulishagonga mwenyewe," nikasema.

"Jumatatu."

"Halafu ukaniita mimi."

Alikaa kwenye ndoo yake. Akajikuna shingo penye vumbi.

"Nilijua hutasikia," alisema. "Siku ile simu yako ililia ndani ya aproni. Mimi niko mwisho wa yadi naisikia, wewe unakoroga gundi tu. Nimechoka, shemeji. Huo ukuta ni kuukata wote, injini itoke, tuanze upya. Hao watoto nimewaahidi mara tano. Nilitaka jina lako hapo, basi."

Nilikasirika. Miaka miwili nilikuwa nimeificha aibu yangu kama mtu anayezuia kikohozi msibani, kumbe yeye alishaiona, akaiweka akiba mpaka siku atakapoihitaji.

"Na watoto?"

"Ningekwenda polepole."

"Injini iking'oka na ukuta, polepole iko wapi?"

Nilichukua drili kwenye sanduku lake, nikaisimamisha karibu na bomba, nikatoboa. Ilipita tabaka tatu za rangi nyeupe ambazo alizipaka kwa wiki mbili, ikapita faiba, halafu ikazama bila kupingwa na kitu. Nilipoichomoa, ulitoka uji mweusi wa mbao, kisha maji ya rangi ya kahawia yakateremka kwenye ile rangi mpya. Tuliyaangalia mpaka yakapungua.

Shemeji alilia. Alilia kwa uchovu, mdomo wazi, bila kujifuta. Nilimwonea huruma na sikumsamehe, vyote kwa wakati mmoja, na sikuwa na nguvu ya kuchagua. Nililowesha kitambaa, nikafuta jina langu.

"Mpigie binti yako," nikamwambia. "Mwambie wasije. Na habari ya masikio yangu mwambie."

"Na habari yangu mimi?"

"Hiyo unaijua mwenyewe utakavyoisema."

Nilivuka yadi nikielekea ofisini. Nilipita nafasi tupu ambako boti nyingine zilikuwa zimesimama msimu uliopita, na huo uliotangulia. Nyingi niliziandika jina kwa mkono huu huu. Zilikuwa majini sasa, na ndani yake wenye boti, wake zao, wageni wao, kila mmoja amekaa kwa amani kwa sababu mimi niligonga.

Bosi alikuwa anakula embe. Nilimwomba daftari la boti tulizoteremsha. Akalitoa kwenye droo kwa mkono mkavu.

"Unatafuta boti ya nani?"

"Zote zenye jina langu."

Akacheka, akidhani ni utani wangu wa kila siku. Kisha akaniangalia vizuri, akaweka embe chini. Niliona midomo yake ikiuliza kitu, nikamwomba arudie.

"Kuanzia lini?" alisema kwa sauti kubwa.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwambia miaka miwili. Halafu nikajisahihisha, nikamwambia mitatu.