Folda ya Kipara

Mama yangu anaamini nimeajiriwa kuazimisha watu vitabu. Nimeshamweleza kwamba maktaba yetu ni ya programu, yaani kazi iliyokwisha kufanywa ambayo watengenezaji wengine huichukua wakajengea zao, na kwamba hii tunayoimalizia inawasomea wasioona maandishi kwa sauti. Hunisikiliza vizuri sana, kisha huniuliza lini nitamletea riwaya. Ijumaa ile ningefurahi kweli kuazimisha vitabu.

Toleo lilitakiwa kutoka jioni. Kiongozi wetu, tunayemwita Kasi naye hulichukulia jina hilo kuwa sifa, alikuwa ameshawaahidi wateja. Majaribio yalipita kwenye kompyuta zote za ofisini, kijani kitupu, yaani bila kosa hata moja. Aliyekuwa analalamika ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kaka yangu.

Kaka ni mwalimu wa historia. Macho yake yalififia taratibu mpaka yakazima, na shule ikamrudisha nyumbani kwa maneno matamu. Sasa walikuwa wamekubali kumjaribu tena. Jumatatu angefundisha kipindi kimoja, mkuu wa shule akiwa amekaa nyuma ya darasa. Kompyuta ingemsomea sikioni maelezo yake ya zamani, naye angesomesha. Ikinyamaza, anarudi kwenye kochi moja kwa moja. Aliniambia hayo huku anacheka, na mimi sikuona cha kuchekesha.

Kwa hiyo nilimpa programu mapema. Akapiga simu kuniambia inasema faili halipo. Nikamwambia ahakikishe ameliweka mahali pake. Akapiga tena, akaanza kunisomea ujumbe wa kosa, nikamkatiza kwamba hayo ni maneno ya kifundi, asihangaike nayo. Alipopiga mara nyingine nilimpa Kasi simu, naye akatoa ile kauli ambayo ingefaa ichongwe juu ya mlango wetu: "Mbona kwetu inafanya kazi?"

Mchana ule nikaona liwalo na liwe, nikabeba mkoba nikaenda kwake. Wifi alinifungulia mlango, akaita ndani kwamba fundi amefika, kwa sauti ya mtu aliyesubiri fundi bomba wiki nzima na sinki limefurika.

Nilihamisha faili. Nikalibadilisha jina. Nikaiondoa programu, nikaiweka upya, nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Kila mara kikatokea kidirisha kilekile kidogo: faili halikupatikana, halafu njia ya faili, yaani mlolongo wa folda za kupitia mpaka kulifikia, umekatwa katikati kwa nukta tatu kwa kukosa nafasi. Nikapiga meza kwa kiganja. Nilimkasirikia Kasi, nikaikasirikia kompyuta, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia na kaka, kana kwamba yeye ndiye aliyelificha hilo faili chini ya kochi.

Alikuwa ameketi pembeni yangu, mikono magotini. Akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, leo naweza kumaliza kukusomea ule ujumbe?"

Akapapasa waya wa visikizio, akauchomoa, akabonyeza kitufe. Kisomaji chake cha skrini, programu nyingine ndogo inayomtamkia vitufe na vidirisha tu, ambacho hakijui nukta tatu wala kukosa nafasi, kikasoma ujumbe wote mwanzo hadi mwisho, chumba kizima kikisikia: faili halikupatikana, watumiaji, Kipara, kazi, sauti, somo la kwanza.

"Sasa huyo Kipara ni nani?" akauliza. "Humu ndani sote tuna nywele."

Kipara ni kijana aliyeanzisha programu ile, akaondoka zamani kwenda kwenye mshahara mnono. Alikuwa mvivu wa kuandaa kompyuta mpya. Kila ilipokuja, aliinakilia yake yote jinsi ilivyo, pamoja na folda yake yenye jina lake la utani. Baada ya yeye kuondoka tukaendelea kunakili vilevile. Kila kompyuta ofisini ina folda ya Kipara, na kila mgeni huambiwa siku ya kwanza asiiguse, vitu vitakufa. Hakuna aliyewahi kuuliza vitu gani. Na ndani ya programu mlikuwa na mstari wake mmoja unaotafuta faili humo humo kwa Kipara, kwenye kompyuta yoyote duniani. Mstari huo nimeupita kila siku kama mtu anavyopita kiatu mlangoni kwake.

Nilimpigia Kasi. Akasema tutarekebisha toleo lijalo, wateja wanasubiri. Nilirudi ofisini, nikaketi, nikaifuta folda ya Kipara kwenye kompyuta yangu. Kisha nikamwomba dada wa majaribio afute ya kwake, naye akanitazama kama niliyemwomba afukue kaburi, lakini akafuta.

Kasi akasimama. Akaniambia nisithubutu. Nikayaendesha majaribio mbele yake, yakaja mekundu matupu, kwangu na kwa yule dada. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kasi alipouona ule wekundu akachukua simu yake, akatoka kwenye korido kuwaeleza wateja mwenyewe kwamba toleo litachelewa.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko ugomvi: badala ya kwenda kwa Kipara, programu imuulize mwenye kompyuta ameweka wapi faili lake. Tuliyarudia majaribio yote, folda ile ikiwa haipo, na jua lilipokuwa linazama nikamtumia kaka.

Alipiga simu. Sikusikia salamu, alikuwa ameweka simu karibu na spika. Mashine ilikuwa inasoma, sauti kavu isiyopumua, maelezo aliyoyaandika mwenyewe enzi za macho yake: "Somo la kwanza. Usianze na tarehe. Waambie wafunge madaftari, wakutazame."

Ikanyamaza. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akairudisha mwanzo. Nilikuwa na maswali kibao ya kumuuliza, kama sauti inatosha, kama inakwama popote. Niliyameza yote, nikamwacha amalize.