Altare ya Mlango wa Mama

Kijijini kwetu, altare ya pili ya maandamano ya Ekaristi husimama mbele ya nyumba ya mama yangu. Bibi ndiye aliyeianzisha, mama akaipokea, na mama alipofariki majira ya baridi ikawa yangu. Sharti ni moja na kila mtu analijua: Sakramenti ikipita, mtu wa nyumba hiyo awe amepiga magoti mlangoni. Asipokuwepo, altare inahamia nyumba nyingine, na hairudi tena.

Mimi naishi mjini. Kwa hiyo Roswitha, rafiki yangu tangu chekechea, aliponipigia simu na kusema, "Njoo ulale kwangu, shoga, tuipambe pamoja," nililia kwa furaha. Kulipopambazuka siku ya maandamano tulikuwa tayari langoni kwa mama, tunatandaza zulia la maua: petali nyekundu, majani mabichi, na machicha ya kahawa kwa ajili ya msalaba.

"Sasa na mimi nisaidie kidogo," Roswitha akasema. Nyumba yake iko chini, karibu na mto. "Mikono yangu mizito, si unajua. Maandamano yanaanzia huku chini mtoni, kwenye kinu cha kusagia nafaka, kama siku zote. Yakipita kwangu, wewe unakata njia ya bustanini, unafika kwenu kabla yao."

Tukateremka kwake, nikapiga magoti kwenye lami mbele ya mlango wake, nikampangia mwanakondoo wa petali nyeupe. Nilikuwa namalizia sikio niliposikia tarumbeta. Zilitoka juu, upande wa makaburini.

"Rosi, mbona wanatokea juu?"

"Upepo tu huo," alinijibu bila kuinua uso.

Nilitimka na aproni yangu. Langoni kwa mama nilikuta mkia wa maandamano, wazee wanaokokota miguu, na zulia limeshakanyagwa. Korbinian, mzee wa kanisa, alinivuta pembeni.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Baba Paroko kasimama hapa mpaka kwaya ikarudia wimbo. Mlango mtupu!"

"Si mnaanzia kinuni?"

"Daraja la kinuni limefungwa tangu Pasaka. Roswitha hakukwambia? Yeye ndiye aliyetoa wazo la kuanzia juu." Akakohoa. "Na altare kaiomba yeye. Alisema wewe huitaki tena."

Niliteremka mbio. Roswitha alikuwa amepiga magoti mlangoni kwake, kavaa gauni la sikukuu, na padri anapita juu ya mwanakondoo wangu. Mbele ya Sakramenti hakuna ugomvi. Nikapiga magoti nyuma ya Roswitha, nikabaki kutazama kisogo chake mpaka waandamanaji wakaondoka.

"Ulinidanganya."

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Kamwe!"

"Ndiyo hivyo." Akajipangusa magoti. "Kwenu taa haijawashwa tangu mazishi, Gerlinde. Nani alimlisha mama yako uji? Mimi. Nilistahili."

Alimlisha kweli. Na sasa naamini kwa kila kijiko alikuwa akiipigia hesabu ile altare.

Akanishika mkono kama tulivyoshikana tukienda shule. "Usininunie bwana, twende tukale, nyama itaungua. Na mwakani uwahi kuja, eh? Hapa hakuna anayepanga maua kama wewe."

Hakuwa ananikejeli. Alisema kwa moyo wake wote, na hapo ndipo nilipomchukia.