Kumi na Wawili wa Ziada

Msusi alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipojiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Hesabu nyingine alizimudu, ila swali moja lilimtoa jasho: kati ya wanafunzi arobaini, ishirini na watano wanasoma historia, ishirini na wawili jiografia, na watano hawasomi lolote kati ya masomo hayo. Wangapi wanasoma yote mawili?

"Nikijumlisha wote napata hamsini na wawili," alimlalamikia binti yake mle saluni. "Hao kumi na wawili wa ziada wametoka wapi?"

Binti akacheka. "Mama, leo umehudumia wateja wangapi?"

"Kumi."

"Uliowaosha nywele?"

"Wanane."

"Na uliowasuka?"

"Sita." Msusi akaanza kuhesabu kwa vidole, kitana mkononi. Nane na sita ni kumi na nne, na vichwa vilikuwa kumi tu. "Ala! Wanne niliwaosha na kuwasuka pia. Nimewahesabu mara mbili!"

"Enhe?"

"Basi wale kumi na wawili hawakutoka popote. Ndio wanaosoma yote mawili!"

Alipiga kigelegele hadi mteja aliyekuwa akikausha nywele akaruka kitini.

Siku ya mtihani swali la aina ile lilikuja, la wasomaji wa magazeti. Msusi alitabasamu peke yake, akalimaliza kwa mistari mitatu. Wiki sita baadaye, barua ya chuo ilipofika, binti ndiye aliyeisoma kwa sauti, maana mama alikuwa ameshaona neno "Hongera" na kuanza kucheza.