Nusu ya Lori

Vitu vya Mama Wachira havikujaza hata nusu ya lori. Kiplimo, dereva, alivipanga kwa uangalifu, kabati mbele, vitanda vimesimamishwa kando, cherehani ya marehemu mzee Gichuki imeviringishwa kwa blanketi, na bado nyuma kukabaki nafasi ya kulaza ng'ombe.

"Maisha yangu yote hapa Kapkatet," Mama Wachira akasema akichungulia, "kumbe ni haya tu."

Yeye na mumewe walikuja kutoka Nyahururu wakiwa bado vijana, wakafungua duka la kushona sare za shule. Kisha sare zikaanza kuletwa zikiwa tayari kutoka Nairobi, mzee akafariki, na mwana wao Wachira akasema, mama, rudi nyumbani.

Majirani walikuja kumuaga. Chelimo, aliyeuza mboga mlango wa pili, ndiye aliyeongoza maombi. Aliomba kwa Kiswahili, machozi yalipomzidi akahamia Kipsigis, na hata wasioelewa wakalia naye. Mama Wachira akamkabidhi mwenye nyumba funguo, akapanda mbele ya lori kando ya kiti cha dereva, akapunga mkono.

Lori halikuondoka.

Kiplimo alikuwa amempigia simu Onyancha, mwenye lori, kumjulisha kwamba amepakia.

"Limejaa?" Onyancha akauliza.

"Hapana, bosi. Kuna nafasi kubwa."

"Basi tafuta wa kujaza. Dizeli haijui nusu."

Ndivyo kazi hiyo ilivyokuwa. Mteja analipia kipande chake cha lori, halafu dereva anazunguka kutafuta wenzake wa safari: huyu ana magunia ya viazi, yule ana mabati, mwingine jokofu la duka. Siku nzuri lori hujaa kabla ya saa sita. Lakini mvua ilikuwa imeharibu kila kitu. Mtu wa kabichi alisema zimeozea shambani. Mtu wa miche ya parachichi kule Boito alisema barabara imekatika. Watu wa Chebunyo walikuwa na mtama, lakini tayari lori lingine lilikuwa limeuchukua.

Jioni, watu waliomlilia asubuhi walimkuta Mama Wachira bado ameketi mle ndani.

"Mama, bado uko?"

"Bado niko."

Wakacheka pamoja naye. Chelimo akamletea chai, kisha akampa mahali pa kulala. Lakini kesho yake wale wale walipomwona, baadhi walivuka barabara wakapitia upande wa pili. Mtu akishaagwa kwa maombi, hakuna anayejua tena amwambie nini. Naye Mama Wachira alikuwa akitazama kupitia kioo cha lori, huku mpangaji mpya akipaka rangi ya kijani kwenye kuta za duka lake.

"Leo tutaenda?" alimuuliza Kiplimo kila alipotoka sokoni.

"Leo lazima, Mama."

Siku iliyofuata, Onyancha alipiga simu mwenyewe, sauti imechangamka. "Nimepata mbao. Lori nzima mpaka Nairobi. Wanapakia leo. Teremsha vitu vya huyo mama."

Kiplimo alisogea mbali na lori. "Bosi, huyu ameshatoka kwa nyumba. Nimteremshe wapi?"

"Pale ulipompakilia. Pesa zake nitamrudishia."

"Si tuviweke juu ya mbao, nimwachie Nakuru, karibu na kwao?"

"Halafu askari wa mizani ya barabarani utawaambia nini, uzito ukizidi? Kiplimo, kama kazi imekuchosha, sema tu."

Kiplimo alimjua Zack, aliyeendesha lori hilo kabla yake, aliyesema kazi imemchosha. Sasa Zack alikuwa akishinda stendi akiomba siku ya kibarua. Kiplimo alikuwa na watoto wanne na mke mjamzito. Alisimama mvuani akitafuta neno la kumwambia mama mtu mzima, kisha akarudi kwenye lori.

Mama Wachira alimtazama usoni, akaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Umeambiwa unitoe."

"Lori lingine litakuja, Mama. Wiki hii, ama ile ingine." Hapakuwa na lori lingine, naye alijua.

"Kijana wangu," akasema polepole, "si ungeniambia kabla sijaaga watu."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Alishuka, akashika upande mmoja wa godoro, Kiplimo akashika wa pili. Waliviweka barazani mwa duka, lakini mpangaji mpya akaja kuuliza, kwa heshima kabisa, wateja watapita wapi. Wakavihamisha tena, kimoja kimoja, hadi kando ya barabara. Kiplimo alitaka kuviacha vimefunikwa kwa turubai la lori. Hata alilitandua, akalishika mikononi. Kisha akakumbuka kwamba mbao nazo hazitakiwi kulowa, akalikunja, akalirusha ndani.

Alipofika Nakuru akampigia.

"Umefika salama?" Mama Wachira akauliza.

"Bado, Mama. Niko njiani."

"Endesha pole pole. Mvua iko." Akangoja. Mwishowe laini ikakatika.

Juma lililofuata alirudi Kapkatet, akasimamisha lori mbele ya kibanda cha Chelimo. Kando ya barabara hapakuwa na kitu, ila majani yaliyolala chini pale vitanda vilipokuwa.

"Alipata lori?" akauliza.

"Lori gani?" Chelimo hakuinua uso. "Aliuza hapo hapo barabarani. Watu walikuwa wanapanga bei na yeye, hao hao tuliomba na wao. Vile vilinyeshewa akapeana bure. Akapanda basi na mfuko moja. Hatukutoka kumuaga. Tungesema nini tena?"

Kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, Kiplimo akaomba fungu la sukuma wiki.

"Imeisha," Chelimo akasema.

Mboga zilikuwa zimejaa mezani, mbichi, zikichuruzika maji. Kiplimo akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye lori lake.