Mwanya Ambao Sijawahi Kuuona

Jamani, mama yangu ana kaka! Yuko hai kabisa, yuko Kigoma, anatengeneza redio na feni, anaitwa Anicet, na ana sauti nzito kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tulimpata mwezi wa tatu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, baada ya mama kukaa karibu miaka thelathini akiamini alifia njiani wakati wanakimbia Burundi. Mimi nimezaliwa sina mjomba, nimefika miaka ishirini na mbili sina mjomba, halafu Jumapili moja tunakula zetu wali hapa Akalla, kwa Waswidi, simu inalia, nina mjomba!

Mama alilia, akacheka, akaimba, akamuuliza maswali mia. Lakini mjomba aliposema, "Dative, washa video nikuone," mama akaibwaga simu kifudifudi mezani kama inamuunguza.

"Mtandao mbaya," akasema.

Mtandao! Hapa Akalla! Hata kwenye lifti mtandao unashika.

Tatizo ni meno. Mama hana meno mawili ya mbele, ya juu. Yalitoka kwenye baridi yangu ya kwanza duniani. Alikuwa amenibeba mgongoni kwa kitenge, koti kubwa juu yetu wote wawili, mikono yake iko nyuma imenishika makalio kama wanavyobeba kwao, anatoka stesheni ya treni. Barafu. Mtu mwingine angetanguliza mikono. Ya mama ilikuwa na kazi. Akaanguka na uso. Mimi, wanasema, hata sikuamka.

Na sasa, kati ya meno yale mawili ndipo ulipokuwa mwanya wake. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema aliupenda mwanya kwanza, ndipo akamuuliza mwenye mwanya jina lake nani. Kila aliyemjua mama zamani ana hadithi ya ule mwanya. Mimi tu sijawahi kuuona, maana nilikuwa upande wa mgongo. Picha za nyumbani ziliungua. Picha ya karatasi za ukimbizi ipo, ila kafunga mdomo. Nilipokuwa shule ya chekechea nilikuwa namchora mama na mwanya wa kubuni, siku nyingine mwembamba, siku nyingine basi zima linapita.

Wakati ule hospitali walimpa pleti, ile ya kuvaa na kuvua, yenye meno mawili yamebanana kama watoto kwenye blanketi moja. Akaivaa kwenda kanisani, akajitazama kwenye kioo cha lifti, na kabla lifti haijafika chini ameshaivua. "Huyu mama wa kwenye kioo simjui," akasema. Tangu hapo anacheka na kiganja mdomoni, na pengo ni lake na kiganja chake.

Basi mjomba ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakufa, la kulia linafifia, na daktari wake kamwambia asitegemee kuona zaidi ya mwaka. Alitutajia hilo katikati ya habari za mvua, kama kitu kidogo tu. "Kwa hiyo usinicheleweshe, mdogo wangu," akasema, akacheka. Mama hakucheka.

Kesho yake nikampigia daktari wa meno.

Daktari anaitwa Thomas, Mswidi mrefu mwenye mikono midogo. Akampiga mama picha za taya, akatuonyesha kwenye kompyuta, mimi natafsiri. Pleti mpya ipo, wiki tatu tu. Kuna meno ya daraja, yameungana na yanafungwa kwenye meno ya jirani, lakini ni lazima ayachonge hayo ya jirani, na ni mazima. Halafu kuna ya kupandikiza: skrubu mbili ndani ya mfupa, kila moja na jino lake juu. Hayo ndiyo yanayokaa kama ya kuzaliwa nayo. Ila mfupa wa mama umeliwa kwa kukaa miaka yote hiyo bila meno, kwa hiyo aongezewe mfupa kwanza, apone, ndipo skrubu, apone tena, ndipo meno.

"Mwaka mmoja," Thomas akasema. "Pengine na zaidi kidogo. Fizi ziwe safi. Na kama anavuta sigara..."

"Mwambie sivuti!" mama kakasirika kweli. "Mwambie mimi ni mzee wa kanisa. Halafu muulize kuhusu mwanya."

Nikamuuliza. Thomas akasema tusiwe na wasiwasi, hakutakuwa na mwanya hata kidogo.

"Hapana, sisi tunautaka."

Akaweka kalamu chini. "Watu wanakuja hapa niwazibie."

"Mwambie hao wana matatizo yao," mama akasema.

Thomas alicheka mpaka masikio yakawa mekundu. Halafu akachora kwenye karatasi. Daraja limeungana, mwanya utamsumbua. Ya kupandikiza yanasimama kila moja peke yake, kwa hiyo inawezekana vizuri. Hata kwenye pleti anaweza kuuacha.

"Lakini ulikuwa mpana kiasi gani?" akauliza.

Mama akaangalia vidole vyake, akavisogeza, akavitenganisha, akaviacha.

Nyumbani tukamkuta Alliance, shoga yake mama anayekaa Alby, kaja na ndizi na maoni.

"Wiki tatu!" Alliance akasema. "Chukua pleti, wakuachie mwanya humo humo, mwonyeshe kaka yako, kwisha kazi. Simu yenyewe ndogo hivi, atajuaje?"

"Mwanya wa kuvua, Alliance?"

"Wa kuvua, ndiyo! Mimi wigi navua, kope navua, mume nilishamvua. Nimekufa?"

Tukacheka sote, mama na kiganja chake. Halafu akasema polepole, "Limebaki jicho moja. Unataka niliwekee uongo?"

Alliance akaanza kumenya ndizi.

Yaani fikirieni. Meno mwaka mmoja, jicho mwaka mmoja. Akichukua ya haraka, mjomba ataona kitu ambacho mama mwenyewe anakikataa kwenye kioo. Akingoja yale ya kweli, huenda siku yakiwa tayari hakuna wa kuyaona. Mama alikuwa anasimama jikoni, sufuria mkononi, haiweki popote.

Jumamosi mchana akaamua walau ampigie kaka yake aulize kipimo. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nimefunga maji ili nisikie.

"Kaka, ule mwanya wangu. Ulikuwa mpana kiasi gani?"

"Njiti ya kiberiti ilikuwa inakaa bila kushikwa," mjomba akasema hapo hapo. "Unaichomeka, unakimbia uwanja mzima, tunakufukuza, haidondoki. Kwani sasa haiingii?"

Mama akaweka kiganja mdomoni.

"Dative. Unaniuliza mimi habari za mwanya wako?"

"Meno yalitoka, kaka. Yote mawili. Nilianguka."

"Lini?"

"Inès akiwa mtoto wa mgongoni."

"Miaka yote hiyo! Na mimi nafikiri unajificha kwa sababu umenenepa." Halafu sauti ikashuka. "Washa."

"Nasubiri meno. Mwaka mmoja tu."

"Na mwaka ukiisha nitakuona na jicho gani?"

Mama aliniangalia. Nikajifuta mikono, nikaenda, nikaishika simu mimi mwenyewe, nikabonyeza. Mjomba alikuwa kaikaribia yake mno, kwa hiyo tukaona jicho tu, jicho moja kubwa, limejaza kioo chote, na nyusi ya mvi.

"Toa mkono," akasema.

Mama akautoa. Midomo kaibana.

"Sogea dirishani. Hapo. Cheka."

"Sina cha kuchekea."

"Mjomba, amenenepa kweli!" nikasema. Na mama akacheka, hakujiandaa, mdomo wazi, pengo lote nje kwenye jua la Akalla.

Jicho halikupepesa. Halikusogea mpaka nikadhani kweli mtandao umekatika.

"Mama," mjomba akasema.

Nikadhani anamwita hivyo kama tunavyowaita wanawake wote.

"Ni Mama, Dative. Mama yetu wa siku za mwisho, meno yameshamtoka. Anavyocheka, hilo shavu. Nilikuwa nimemsahau. Nakuapia, kila siku nilikuwa namtafuta kichwani, uso hauji."

Kile kidirisha kidogo cha pembeni kwenye simu, kile unamojiona mwenyewe, mama alikuwa anakiangalia. Alikiangalia muda mrefu. Akacheka tena kidogo, kwa kujaribu, kisha akapeleka kidole, si kiganja, akagusa shavu. Nami nikachungulia. Bibi yangu sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Jumatatu tukarudi kwa Thomas. Mama hakunisubiri nitafsiri, akasema kwa Kiswidi chake mwenyewe kwamba anataka ya kupandikiza, na mwanya. Thomas akafurahi, akaanza kupanga. Upasuaji wa mfupa, mwezi wa tisa. Na kwa miezi yote ya kusubiri, akasema, asijali, atamtengenezea pleti ya muda asikae na pengo.

"Nej," mama akamkatalia kwa Kiswidi.

"Wagonjwa wote huiomba."

"Mwambie nataka kusubiri hivi hivi, mwaka mzima. Mwambie kuna mtu anaangalia."

Nikamweleza, na mjomba, na bibi, na jicho, nikachanganya Kiswidi changu chote cha tangu chekechea. Thomas akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akaandika kwenye kompyuta kwamba pleti haihitajiki.

Sasa kila siku saa kumi mama anakaa dirishani, taa zote zimewashwa ingawa jua lipo, na mimi nikiwa nyumbani ndiye mshika simu. Wakati mwingine wanaongea. Wakati mwingine mjomba anaangalia tu, na mama anamwachia, kidevu juu kidogo, kama mtu anayenyolewa. Mwakani, meno yakishakaa, anakwenda Kigoma. Mjomba anasema kama itakuwa giza atampapasa uso.

Mimi nataka mwaka uishe nione ule mwanya. Nautaka tangu nachora na kalamu za rangi. Halafu saa kumi inafika, jicho linajaa kwenye kioo, nami naanza kuomba siku zitembee taratibu, mpaka mkono unachoka, unashuka.

"Inès, nyanyua," mama ananiambia bila kugeuka. "Bado ananitazama."