Maneno Mgongoni mwa Trei

Kitu cha kwanza nilichokiona wiki ile ni begi. Lilikuwa nyuma ya magunia ya unga, limefungwa zipu hadi mwisho, na Krismasi ilikuwa bado. Nilijua ni la Redio kwa sababu ya kamba nyekundu aliyofungia mkanda wa begi uliokatika. Nikalisogeza kidogo lisimwagikiwe unga, nikaenda kuwasha taa.

Tulikuwa watatu katika duka lile la keki. Dada Mkubwa alikuwa mtu wa oveni, akijua keki imeiva kwa kunusa tu. Redio alipima na kukoroga, na jina hilo alilipata kwa haki, maana alikuwa hazimi. Mimi nilikuwa wa kuandika. Shule niliacha darasa la tano, lakini mwandiko niliondoka nao. Mama mwenye duka alipouona kwenye makopo niliyoyabandika karatasi, akanitoa kwenye kuosha vyombo, akanipa mfuko wa krimu. Wenzangu waliniita Kimya.

Kuandika kwenye keki kuna utaratibu wake. Huanzi kwenye keki. Unageuza trei safi juu chini, unaandika mgongoni mwake kwanza, uone kama krimu imekaa sawa au inachuruzika. Ukiridhika unaikwangua yote kwa kisu butu na kuirudisha mfukoni, kwa sababu krimu haitupwi. Ndipo unaandika kwenye keki ya mtu. Heri ya Krismasi Baba. Tunakupenda Bibi. Karibuni nyumbani.

Cha kuandika kwenye trei hakuna aliyewahi kunipangia. Wenzangu walidhani najaribu majina ya wateja. Siku ile ya begi niliandika: Unaondoka lini? Nikakwangua.

"Kimya, Krismasi unakwenda wapi?" Dada Mkubwa aliniuliza tulipokaa kunywa chai.

"Nipo."

"Upo wapi?"

"Hapa hapa." Mimi na Redio tulikuwa tunalala chumba cha nyuma ya duka.

"Mwache bwana, apumzike na mdomo wangu," Redio akasema, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. "Huyu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba radhi! Mimi nakwenda kwa dada yangu. Kule ni vurugu tupu. Mapacha wanalia kwa zamu, shemeji anakoroma kama mashine ya kusaga. Kimya akilala kule usiku mmoja, asubuhi tunakuta ametorokea dirishani."

"Na viatu kaacha," Dada Mkubwa akaongeza.

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ndivyo ninavyofanya. Nilitaka kusema kwamba mtu akikoroma mimi nalala vizuri zaidi. Shangazi aliyenilea alikuwa anakoroma, na tangu afariki sina nyumba ya kwenda sikukuu. Kikombe changu kikaisha, nikarudi mezani. Nikaandika kwenye trei: Kelele nazipenda. Nikakwangua, nikairudisha mfukoni, na krimu ile ile ikatoka tena kwenye keki ya mzee aliyestaafu. Hongera Babu.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Duka lilinukia zabibu kavu na maganda ya limau. Wateja waliingia na mifuko yao ya nguo mpya, wakaelekeza kwa kidole walichotaka, wakaondoka wakiwa wamezishika keki kama watoto wachanga. Mimi sikuwaona sana usoni. Niliona mikono yao na vifuniko vya maboksi.

Dada Mkubwa ndiye aliyetangulia. Mumewe alikuja kumchukua, akasimama nje akipiga honi ya pikipiki. Dada Mkubwa akanikumbatia na mikono yake ya moto. "Ule, sawa? Wewe ni mtu wa kusahau kula." Akatundika aproni yake msumarini. Kila nilipopita nilidhani ni yeye amesimama pale.

Bila yeye, keki zikaanza kupasuka katikati. Redio alikuwa anafungua oveni kila mara, apige soga na keki zenyewe nadhani. Nilifukia nyufa kwa krimu.

Siku ya mwisho Redio akaoka moja ya kupeleka kwa dada yake. "Niandikie wa nyumbani wote," akasema, huku anavaa viatu. "Dada, Shemeji, Mapacha, mimi."

Nikaandika. Pembeni pakabaki nafasi, fupi, ya neno moja. Mkono wangu ukasimama juu yake.

"Hapa pamebaki peupe," nikasema. Hata mimi sikuisikia vizuri sauti yangu.

Redio akachungulia. "Weka ua basi."

Nikaweka ua.

"Limekaa kama umelichuma sasa hivi!" Akafunga boksi, akalivuta begi lake nyuma ya magunia. "Haya, lala sasa, Kimya wangu, raha mustarehe. Nitakuletea makombo." Mlango ukajifunga nyuma yake. Nikabaki na mngurumo wa friji.

Kwa mazoea nikageuza trei, nikaandika: Na mimi nichukue. Nikashika kisu nikwangue. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna keki iliyobaki. Mama mwenye duka alikuwa ameniambia nioshe mfuko na kufunga. Wiki nzima maneno yangu yalikuwa na pa kwenda. Yaliingia nyumba nisizozijua, watu wakayala na chai, na hakuna aliyejua ni yangu. Haya ya leo yalikuwa ya kumwagwa kwenye sinki.

Nikaweka kisu chini. Nikatoka mbio na aproni yangu.

Redio alikuwa kituo cha basi, amekalia begi, boksi mapajani. "Kimya! Nimesahau nini?" Akaanza kujipapasa mifukoni.

"Hujasahau kitu."

"Mbona unahema hivyo? Oveni imelipuka?"

Nikatikisa kichwa. Gari lake lilikuwa linakuja, nililiona kwa mbali. Redio akaliona pia, lakini hakuinuka. Akanitazama tu, mdomo kaufunga, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Redio," nikasema, "sitaki kubaki peke yangu. Nichukue twende wote."