Tresor Awaua Wanaanga

Umeme ulikatika wanaanga watatu wakiwa bado mbali na dunia, na Tresor si mtu wa kuacha filamu njiani. Kazi ya Mkongo huyu, katika kibanda cha video chini ya kambi ya polisi ya Naguru, ni kutafsiri sinema kwa Kiswahili huku ikionyeshwa, akitia chumvi apendavyo. Umeme ukikatika, desturi ni amalizie kwa mdomo. Mwisho wa hii alikuwa hajauona, basi akawaua wote watatu, na watu wakatoka wameridhika kabisa.

Amony hakuridhika. Mumewe, Oola, ni askari aliyepelekwa Somalia, na simu yake ilikuwa kimya tangu kambi yao ya huko ishambuliwe. Kambini Naguru, wanakoishi, mke haendi kuuliza. Wanasema kuuliza ni kujiitia msiba. Unapika, unasubiri. Lakini filamu ilitangazwa kuwa ya kweli, na udadisi ukamkaba. Asubuhi alimfuata Tresor, akamtaka amwonyeshe ni wapi walipofia.

Mkongo yule, aibu imemjaa, alifungua simu, wakasoma pamoja. Tangi la oksijeni lililipuka kweli, mwaka 1970, wakielekea mwezini. Kweli pia walijibanza katika chombo kidogo cha kutua. Ila ule ugomvi mkubwa wa kwenye filamu haukuwapo. Walizungumza kwa utulivu, kama mafundi wa Katwe walioinamia injini.

"Bote batatu balirudi bazima, mama," Tresor alisema.

Amony akashusha pumzi. "Na bibi zao? Nani alikuwa anawaambia habari?"

Wakatafuta tena. Kwenye filamu wake zao walilia tu dirishani. Kumbe majumbani mwao kiliwekwa kisanduku cha spika, wakawa wanasikia waume zao wakizungumza na waongozaji wao waliobaki duniani. Amony aliisoma sehemu hiyo mara mbili, na hasira ikampanda, wala si kwa Tresor, bali kwa waliomwacha asubiri bila habari.

Alipanda kilima hadi ofisi ya kambi, jirani yake Rukiah akimvuta mkono arudi. Afisa wa zamu alimpa kiti, akamwambia kwa upole kwamba habari ikiwapo ataletewa nyumbani.

"Afande, mimi sitaki kuletewa," alisema Amony. "Nataka kusikia sauti yake. Kama sauti hakuna, niambie sasa. Piga, mimi nakaa hapa."

Afisa akavuta simu ya mezani, akaanza kupiga. Amony aliogopa kuliko siku zote za kusubiri, lakini hakuinuka.